Jibu la Waziri Mkuu bungeni lina uzito gani baada ya kipindi cha Alhamisi kwisha?

Katibu_wa_Amcos

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Naomba wenye uzoefu wa shughuli za Bunge wanisaidie kuelewa jambo ambalo limezua mabishano katika chama chetu cha msingi cha ushirika, huku kusini mwa mkoa wa Ruvuma tunakolima korosho, ufuta na mbaazi.

Wanachama wetu wengi hufuatilia kwa redio maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, yanayoulizwa asubuhi ya Alhamisi Bunge linapokaa Dodoma. Katika nusu saa hiyo mbunge mmoja huuliza kuhusu ruzuku ya mbolea, wa pili kuhusu kikokotoo cha mafao ya wastaafu, wa tatu kuhusu kodi za wafanyabiashara wa Kariakoo, wa nne kuhusu tembo wanaoingia mashambani, na mtu yuleyule huwajibu wote hapo hapo, bila kuomba muda wa kwenda kutafuta taarifa. Umahiri huo unanivutia, siwezi kukataa. Ubishi huanza redio ikishazimwa, kwa sababu wapo wanaoamini kwamba Waziri Mkuu akisema Serikali imelipokea jambo, basi kilichobaki ni kusubiri utekelezaji, na wapo wanaosema kwamba hayo ni maneno ya heshima ya kumwezesha mbunge akae chini.

Kwetu suala zito ni la tembo. Wapo wakulima waliopoteza mazao yao, wakajaza fomu za kifuta jasho, yaani malipo ya Serikali kwa walioharibiwa mazao na wanyamapori, wakaja watu kupima uharibifu, na tangu hapo hawajapata fedha wala maelezo. Kilio cha namna hiyo kimekwisha kufikishwa bungeni mara nyingi na wabunge wa mikoa ya Lindi na Ruvuma, na kimejibiwa mara nyingi vilevile.

Kwa hiyo nauliza: je, jibu la Waziri Mkuu ni ahadi inayoibana Serikali kisheria? Kuna mtu yeyote mwenye kazi ya kuliandika na kulifuatilia? Na kwa nini majibu hufanana kiasi kwamba mzee mmoja wa chama chetu huyatamka kabla ya Waziri Mkuu mwenyewe? Naomba tujadili bila ushabiki wa vyama.

---

Karani_Mstaafu

Ndugu mleta mada, nilikuwa mtumishi wa umma, na kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikuwa miongoni mwa maofisa wanaofuatana na wizara Dodoma ili kuandaa majibu ya viongozi. Nitaeleza ninavyoijua kazi yenyewe, kwa kuwa nadhani jibu la swali lako la tatu ndilo linalofungua yale mawili ya mwanzo.

Waziri Mkuu haingii ukumbini mikono mitupu. Ni kweli kwamba maswali ya Alhamisi hayawasilishwi mapema kwa maandishi, tofauti na maswali ya kawaida ambayo mbunge huyapeleka kwa Katibu wa Bunge, yakatumwa wizarani na kujibiwa kwa maandishi yaliyopitiwa na watu wengi kabla ya waziri kuyasoma. Lakini mambo yanayoikera nchi kwa wiki husika hujulikana. Kila wizara huandaa muhtasari wa kurasa chache kuhusu jambo lililo moto kwake, na muhtasari huo huingizwa katika kabrasha la Waziri Mkuu. Mfumuko wa bei ya sukari ukitokea, kama ulivyotokea mwanzoni mwa 2024 baada ya mvua za El Niño kuvuruga uzalishaji viwandani, hakuna asiyejua kwamba Alhamisi itakayofuata swali la sukari litaulizwa. Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikiwekwa mezani mwezi Aprili, hali ni hiyohiyo. Zaidi ya kabrasha wapo mawaziri ukumbini, na kimemo hupita kutoka mkono hadi mkono swali likiwa bado linaulizwa.

Kipindi hiki kilitokana na mabadiliko ya kanuni ya 2007, wakati wa Bunge la Tisa chini ya Spika Samuel Sitta, na aliyeuzoesha umma kukisikiliza ni Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia Februari 2008 baada ya Edward Lowassa kujiuzulu. Wanaokumbuka miaka hiyo wanajua kwamba kilikuwa na hatari kwa anayejibu. Mwaka 2009, alipobanwa kuhusu kauli yake juu ya wauaji wa watu wenye ualbino, Pinda alitokwa na machozi mbele ya Bunge. Mrithi wake, Kassim Majaliwa, aliyekaa katika nafasi hiyo kwa miaka 10 kuanzia Novemba 2015, alikuwa mwalimu kwa taaluma na alijibu kama mwalimu: kwa utaratibu, kwa kueleza historia ya jambo kwanza, na mara chache sana kwa kusema jambo ambalo lingehitaji kufafanuliwa kesho yake.

Sasa kwa nini majibu hufanana? Sababu kubwa si uvivu wa kufikiri. Sera mpya huamuliwa katika Baraza la Mawaziri, ambalo mwenyekiti wake ni Rais. Fedha hutengwa katika bajeti, na hata zikishatengwa hutoka Hazina kulingana na makusanyo. Anayewajibika kwa matumizi ya kila wizara ni Katibu Mkuu wake, ambaye ndiye Ofisa Masuuli. Waziri Mkuu anaposimama saa tatu na kitu asubuhi kujibu jambo ambalo Baraza halijaliamua na Hazina haijalitengea fungu, kitu cha kweli anachoweza kusema ni kwamba Serikali inalitambua na inalifanyia kazi. Akisema zaidi ya hapo, atakuwa ameamua peke yake jambo lisilo lake peke yake.

Tazama kikokotoo. Kanuni za 2018, zilizofuata kuunganishwa kwa mifuko ya pensheni, zilishusha mkupuo wa mstaafu, yaani sehemu ya mafao anayolipwa kwa mara moja anapostaafu, hadi asilimia 25. Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akazisitisha. Julai 2022 likaja kokotoo la asilimia 33. Na wabunge wakaendelea kuuliza na kulalamika mfululizo hadi hotuba ya bajeti ya Juni 2024, ambapo mkupuo ulipandishwa hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata asilimia 50 kabla ya mabadiliko. Katika kipindi chote hicho, jibu la kusimama na kukaa lilikuwa kwamba jambo linaangaliwa. Watu walicheka. Lakini lilikuwa linaangaliwa kweli, na mahali lilipobadilika ni katika kitabu cha bajeti kilichosomwa na Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, ambaye tangu Novemba 2025 ndiye mwenye kujibu maswali ya Alhamisi.

Kwa hiyo mimi hulipima jibu kwa kutazama kama ndani yake kuna mtu aliyetajwa, fedha iliyotajwa na tarehe iliyotajwa. "Serikali inatambua changamoto hiyo" halina hata kimoja. "Namwelekeza Waziri wa Maliasili na Utalii aende akutane na wananchi hao kabla ya Bunge hili kuahirishwa" lina viwili, na nakuhakikishia kwamba jibu la namna hiyo likitoka, ofisi ya waziri huyo haitalala, kwa sababu Ofisi ya Waziri Mkuu ndiyo inayoratibu shughuli za Serikali na itauliza. Katika ofisi niliyofanyia kazi tulikuwa na daftari la ahadi zilizotolewa bungeni, na kabla ya kila mkutano wa Bunge tulilijaza upya: ahadi, aliyeitoa, tarehe, hatua iliyofikiwa. Ahadi zisizo na mtu wala tarehe hazikuingia katika daftari hilo. Hatukujua tuziandikeje.

Naomba pia usiishie Alhamisi. Mahali ambapo Waziri Mkuu hujibu kwa upana zaidi ni katika mjadala wa bajeti ya ofisi yake mwanzoni mwa Aprili. Hotuba yake huwa ya mapitio na mwelekeo wa kazi za Serikali nzima, hivyo wabunge huitumia kusemea kila kitu, kuanzia daraja la kijijini hadi mwenendo wa shilingi dhidi ya dola, na mjadala huendelea kwa siku kadhaa. Mawaziri husaidia kujibu kila mmoja upande wake, kisha yeye huhitimisha hoja. Baada ya hapo Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia vifungu, na hapo ndipo mbunge anapoweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka apate maelezo ya kuridhisha. Magazeti hupenda Alhamisi kwa sababu ni fupi. Kazi nzito ni ya Aprili hadi Juni.

---

Wakili_Nanenane

Namshukuru Mzee Karani kwa maelezo ya ndani. Nitalijibu swali la kwanza tu, la uzito wa kisheria.

Ibara ya 52 ya Katiba inampa Waziri Mkuu madaraka ya udhibiti, usimamiaji na utekelezaji wa siku hata siku wa kazi na shughuli za Serikali, na inamfanya kuwa Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni. Ibara ya 53 inasema kwamba atawajibika kwa Rais, na kwamba mawaziri, chini ya uongozi wake, watawajibika kwa pamoja bungeni. Ibara ya 63 inalipa Bunge mamlaka ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Hakuna hata moja kati ya ibara hizo inayosema kwamba neno lililotamkwa katika kujibu swali linakuwa deni linaloweza kudaiwa mahakamani. Uwajibikaji huo ni wa kisiasa.

Kinyume chake, yupo aliyejaribu kulipeleka jibu la Alhamisi mahakamani. Juni 2013, akijibu swali kuhusu vyombo vya dola, Pinda alitoa kauli iliyoonekana kuhalalisha kupigwa kwa wananchi wanaokaidi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Mawakili wa Tanganyika wakafungua shauri, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikalitupa kwa pingamizi za awali, kabla ya kuingia katika kiini cha madai. Upande wa Serikali ulikuwa umeegemea, pamoja na mengine, kinga ya ibara ya 100, inayolinda uhuru wa mawazo na majadiliano bungeni. Ninalitaja kwa sababu watu hudhani kwamba kinga hiyo ni ya wapinzani wanaosema maneno makali, na husahau kwamba anayejibu kwa niaba ya Serikali naye amekaa chini ya paa hilohilo.

Silaha ya mwisho ya Bunge ni ibara ya 53A, yaani hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, ambayo huhitaji taarifa ya maandishi yenye saini za wabunge wasiopungua asilimia 20, iliyofika kwa Spika siku angalau 14 kabla, na kura za walio wengi kati ya wabunge wote. Haijawahi kumng'oa mtu. Lakini Aprili 2012, baada ya mjadala mkali wa ripoti za CAG, Zitto Kabwe alianza kukusanya saini, na Mei Rais Kikwete akalipanga upya Baraza la Mawaziri. Hoja haikufika mezani na bado ilifanya kazi. Kwa mkulima anayedai kifuta jasho, hata hivyo, njia hii si yake. Yake ni kanuni za 2011 zinazohusu malipo hayo, na hizo ndizo mbunge wake angepaswa kuzishika mkononi anaposimama.

---

Bin_Chake

Assalamu alaykum. Nyongeza fupi kutoka Pemba. Kwetu hali ina ugumu wake, maana mbunge wa Jamhuri ya Muungano aliyechaguliwa huku anaweza kumuuliza Waziri Mkuu kuhusu polisi, elimu ya juu au uhamiaji, kwa kuwa hayo ni mambo ya Muungano. Akigusa karafuu, hospitali au skuli za msingi, huambiwa kwa adabu kamili kwamba jambo hilo liko chini ya Serikali ya Mapinduzi. Huko Chukwani, katika Baraza la Wawakilishi, msimamizi wa shughuli za Serikali ni Makamu wa Pili wa Rais, nafasi iliyokuja na mabadiliko ya Katiba ya Zanzibar ya 2010 ilipoondolewa ile ya Waziri Kiongozi. Ndugu zetu wa bara mna bahati moja, kwamba mwenye kujibu hawezi kukwambia swali lako umelipeleka nyumba siyo.

---

Msomaji_wa_Kisauni

Naandika nikiwa Mombasa. Mleta mada ameuliza kama kuna mtu mwenye kazi ya kufuatilia. Katika Bunge la Kitaifa la Kenya iko Kamati ya Utekelezaji, ambayo kazi yake ni kuangalia kama maazimio ya Bunge na ahadi za Serikali zimetekelezwa, na Bunge la Uganda nalo limekuwa na kamati ya ahadi za Serikali kwa miaka mingi. Msidhani kwamba kwa sababu hiyo mambo yetu yamenyooka. Katiba yetu ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni, kwa hiyo kwa muda mrefu Kiongozi wa Walio Wengi alikuwa akisimama kutoa majibu ya wizara ambazo yeye hana mamlaka juu yake hata kidogo, mpaka kanuni zikabadilishwa ili mawaziri waje kujibu wenyewe. Ninyi angalau anayejibu anaweza kumwagiza waziri palepale.

---

Katibu_wa_Amcos

Nawashukuru wote. Mzee Karani, shikamoo, na ahsante kwa kutufungulia mlango wa jikoni. Nimewasomea wanachama maelezo yako kuhusu mtu, fedha na tarehe, na wote wamekubali kwamba majibu waliyoyasikia kuhusu tembo yalikuwa na wito wa kuwa na subira, yakawa na taarifa za askari wa wanyamapori kuongezwa, lakini hayakuwa na fungu la fedha.

Lipo jambo moja halijanikaa sawa. Mwezi Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, na Waziri Mkuu Majaliwa akaenda mwenyewe Dar es Salaam, akawasikiliza Mnazi Mmoja hadharani, akazuia papo hapo utaratibu wa ukaguzi wa kodi uliokuwa ukilalamikiwa, na akaunda kamati. Hakusema kwamba anasubiri Baraza la Mawaziri. Je, ina maana kwamba mwenye kufunga duka hujibiwa kwa vitendo, na mwenye kupitia kwa mbunge wake hujibiwa kwa maneno? Sisi hatuna duka la kufunga.

---

Mwandishi_wa_Viunga_vya_Bunge

Ndugu Katibu, swali lako la Kariakoo ni zuri kuliko yote yaliyoulizwa hapa, na linanifanya nitofautiane kidogo na Mzee Karani. Nimeripoti habari za Bunge kwa muda, na naona maelezo yake, ingawa ni ya kweli, yanampa Waziri Mkuu udhuru mpana mno. Kusitisha utaratibu wa ukaguzi hakuhitaji fedha mpya wala sera mpya, kunahitaji amri, na amri anayo kila siku, hata akiwa Dodoma. Tofauti iliyokuwepo Mnazi Mmoja ni kwamba walalamikaji walikuwa mbele yake na hawakuwa na dakika mbili tu za kuuliza. Hata hivyo usiwaonee wivu sana, kwa sababu Juni 2024 maduka ya Kariakoo yalifungwa tena kwa malalamiko ambayo mengi yalikuwa yaleyale. Amri ya hadharani nayo isipofuatiliwa huishia pale ilipotolewa.

Ninavyoona mimi, udhaifu wa kipindi cha Alhamisi unatoka kwa anayeuliza. Kipindi hiki kilipokuwa na makali, swali la kwanza lilikuwa la Kiongozi wa Kambi Rasmi ya Upinzani. Freeman Mbowe alikuja na jambo moja, akaliuliza, akasikiliza jibu, akarudi kwenye jambo lilelile. Baada ya uchaguzi wa 2020 upinzani haukufikia asilimia 12.5 ya wabunge inayohitajika kuunda kambi rasmi, na kiti hicho kikawa hakina mtu. Nimehudhuria Alhamisi ambazo nusu ya muda wa swali ilikwisha kwa pongezi, na robo iliyofuata kwa kueleza ukubwa wa jimbo. Mara nyingine Spika hulazimika kukumbusha kwamba maswali ya kipindi hiki ni ya kisera, na kwamba barabara ya kata fulani ipelekwe kwa waziri husika. Mtu akiulizwa "Serikali ina kauli gani?", atatoa kauli. Hajakosea.

Na kudai kwamba jibu ni la uongo ni njia yenye miiba. Mwaka 2024 Luhaga Mpina, aliyekuwa mbunge wa Kisesa, alimtuhumu Waziri wa Kilimo kulidanganya Bunge katika suala hilihili la sukari, akatakiwa kuthibitisha, akawasilisha ushahidi wake kwa Spika na kuueleza pia kwa waandishi wa habari, na kwa hilo la pili akasimamishwa kuhudhuria vikao 15. Sisemi nani alikuwa na haki katika sukari yenyewe. Nasema mkulima wa kifuta jasho asitegemee mbunge wake aende njia hiyo kwa ajili yake.

Njia iliyo wazi ni ndefu kidogo lakini haina miiba. Fungueni tovuti ya Bunge mtafute Taarifa Rasmi, yaani Hansard, za vikao ambavyo suala la tembo lilijibiwa. Nakilini maneno yaliyosemwa pamoja na tarehe. Mpelekeeni mbunge wenu, na nakala kwa Kamati ya Kudumu inayosimamia maliasili na utalii, mkiambatisha orodha ya madai yaliyokwisha kuhakikiwa, kila dai na tarehe ya uhakiki. Muombeni kwanza apeleke swali la kawaida la maandishi, kwa sababu hilo wizara haiwezi kulijibu kwa kimemo. Akishapata jibu la maandishi, ndipo awe na kitu cha kumshikia Waziri Mkuu siku ya Alhamisi au wakati wa bajeti: tarehe fulani Serikali ilisema hivi, leo hali ni hii. Swali lenyewe linaweza kuwa hivi:

"Wakulima wa wilaya yangu wameteseka kwa muda mrefu kutokana na uvamizi wa tembo ambao umewarudisha nyuma kimaendeleo licha ya jitihada nzuri za Serikali. Je, ni lini Serikali itawalipa kifuta jasho wakulima hao ambao madai yao yamekwisha kuhakikiwa?"

---

Karani_Mstaafu

Marahaba, Ndugu Katibu. Mwandishi amenipinga vizuri, na kuhusu amri zisizohitaji fedha sina ubishi naye. Lakini kwa hilo swali alilolitunga naomba nishike kalamu nyekundu, maana maswali ya namna hiyo yamepita mezani kwangu mengi.

Sentensi ya kwanza yote itafutwa kabla haijafika wizarani, kwa kuwa swali halitakiwi kubeba hotuba. Ondoeni. Tatizo kubwa zaidi ni neno "lini". Ofisa anayeandaa jibu akiona "ni lini", hufungua jibu ambalo liko tayari tangu zamani: malipo yatafanyika kadiri fedha zitakavyopatikana. Ni jibu la kweli, halina kosa la kikanuni, na mbunge wenu atakaa chini bila kupata kitu. Ulizeni kitu ambacho kina tarakimu, kwa sababu tarakimu ama ipo ama haipo, na ikiandikwa itasomwa na waziri na kuingia katika Hansard kama ilivyo. Mimi ningeliandika hivi:

"Je, ni madai mangapi ya kifuta jasho yaliyohakikiwa katika wilaya hii hayajalipwa mpaka sasa, yana thamani ya shilingi ngapi, na ni kiasi gani cha fedha kilichotengwa kwa ajili ya malipo hayo katika mwaka huu wa fedha ambacho kimekwisha kupokelewa kutoka Hazina?"

Mbunge ana haki ya maswali mawili ya nyongeza baada ya jibu hilo. Msiyaandike sasa. Mwambieni aje na orodha yenu ya madai ukumbini, aisikilize namba atakayosomewa na waziri, na ikiwa ni ndogo kuliko ile iliyo katika orodha yenu, swali la nyongeza la kwanza atakuwa nalo mkononi.